Msinifanye Kaharabu: Maisha ya Bi Sichana Mjaka Ubwa

Wazee wetu, ndugu, majirani wa Michenzani na wafanyabiashara wenzake wa Mji Mkongwe, assalaam aleikum. Kabla dua haijaanza, familia imemtaka Usi Mjaka, mdogo wake marehemu, asimame asome maisha ya dada yake, jambo ambalo kwetu Waislamu si la lazima, ila marehemu mwenyewe alilitaka, kwa sababu miaka yote aliyokaa Michenzani hakukosa msiba wa jirani Mkristo, na kila historia ilipokwisha kusomwa alirudi nyumbani akilalamika kwamba marehemu wa watu wote ni wacheshi, wote ni wakarimu, hata yule bwana wa ghorofa ya nne aliyekuwa akiwafukuza watoto ngazini kwa ufagio. Akasema na yeye asomewe, lakini akatoa sharti moja, nalo linatajwa hapa kama alivyolitoa: "Msinifanye kaharabu." Wanaoijua biashara yake wameshacheka, na wasioijua wasubiri kidogo.

Bi Sichana Mjaka Ubwa alizaliwa Mkokotoni tarehe 11 Machi 1956, na si 1961 kama alivyokuwa akitwambia sote, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Mjaka Ubwa wa Tumbatu na Bi Time Jaku, ambao wametangulia mbele ya haki. Tunawaomba radhi mashoga zake waliokuwa wakimtuma dukani wakidhani ni mdogo wao, lakini sharti ni sharti.

Alisoma chuo cha Kurani na skuli hapo hapo Mkokotoni kuanzia mwaka 1963 hadi 1971, akawa hodari wa hesabu na mvivu wa cherehani, na mwaka 1974 akaletwa mjini kwa shangazi yake, akapata kazi katika ghala la karafuu Malindi, akichambua makonyo, vile vijiti vya karafuu, na uchafu kutwa nzima, na huko ndiko jicho lake lilikozoea kukiona kitu kidogo kilichojificha ndani ya vingi.

Tarehe 7 Septemba 1979 aliolewa na Bwana Ayoub Masoud, fundi wa masanduku wa Hurumzi, mtu mpole, ambaye masanduku yake aliyapaka vanishi aliyoipika mwenyewe kwa sandarusi. Vijana wa leo huenda hawaijui sandarusi, basi wajue kwamba ni utomvu wa mti, umemwagika zamani, mti wenyewe ukafa na kuoza, utomvu ukabaki chini ya ardhi ukawa mgumu, wa rangi ya asali, mpaka wachimbaji wa huko Mrima, pwani ya bara, wakaufukua na kuuleta Unguja kwa magunia. Kazi ya bibi harusi ilikuwa kuyaosha mabonge kabla hayajaingia sufuriani, na asubuhi moja ya mwaka 1980 akaliona bonge lina sisimizi ndani, mzima, mguu mmoja umenyanyuka, kama aliyekuwa akienda zake akaitwa. Alilificha ndani ya kanga. Mumewe alipomwambia kwamba hiyo ni sandarusi tu kama nyengine, akajibiwa, "Sandarusi yako, mgeni aliyemo ndani wangu," na kuanzia siku ile kila bonge lenye mdudu liliwekwa kwenye rafu, na masanduku yalipokuja kukosa wanunuzi, ile rafu ndiyo iliyotulisha.

Hakuanza kwa ujuzi, tusidanganyane. Mwaka 1988 alikuja mgeni wa kwanza kutoka Ulaya, akasimama mlangoni akiulizia "amba, amba", na Bi Sichana, mtoto wa Tumbatu, akafahamu kuwa mtu anataka ambari, ile inayotoka tumboni mwa nyangumi, akamwambia kwa ishara za mikono kwamba hapa hakuna samaki, akamwelekeza kwa wavuvi wa Mkokotoni. Maskini ya Mungu yule bwana alikwenda, akarudi kesho yake ananuka vibaya, kabeba kipande cha ini la papa alichouziwa na jamaa zetu wenyewe, ndipo akaiona rafu, akaikimbilia kwa mikono miwili. Dada alicheka kwa miaka, lakini pia aliudhika kwamba neno moja lilimpeleka mtu Mkokotoni bure, akaenda kuuliza kwa wanaojua, akaambiwa kwamba anachokitaka Mzungu ni kaharabu, utomvu wa kale uliokwisha kuwa jiwe.

Kaharabu nyumbani ilikuwepo, tasbihi ya marehemu baba aliyorudi nayo Hijja. Bi Sichana akaichukua punje moja na kipande kimoja cha sandarusi, akavipaka spiriti vyote viwili, punje ya tasbihi ikabaki kavu na laini, sandarusi ikanata kidoleni. Basi akajua kwamba hivi ni vitu viwili, kimoja kina umri usiosemeka, na chengine ni mdogo wake kwa mbali sana, ingawa kwa macho ni ndugu. Tangu hapo kila aliyeingia dukani, awe mtalii au waziri, aliambiwa maneno yaleyale, "Hii ni sandarusi, si kaharabu, na umri wake sijui." Wengine waligeuka wakaenda zao. Wengi walinunua, na waliorudi mwaka wa pili walirudi kwake.

Mwenyezi Mungu aliwajaalia watoto wawili, Mudrik aliyezaliwa tarehe 3 Juni 1982, na Nadra aliyezaliwa tarehe 20 Januari 1987. Mwezi ule aliozaliwa Mudrik lilikuja gunia kutoka Mrima, na ndani yake mlikuwa na kipande chenye nyuki kamili, mbawa zote wazi, hakijapata kuonekana mfano wake Hurumzi, na Bi Sichana akasema hiki hakiuzwi, ni cha mwanangu, nitampa siku nitakayomkabidhi duka. Bwana Ayoub alifariki mwaka 2004, na nyuki akabaki palepale juu ya rafu.

Mwaka 2016 Mudrik, ambaye kwa kuuza anamshinda mama yake, na hilo nalo tunalisema kwa sababu ni kweli, alikuja na kibao kizuri cha herufi za dhahabu kimeandikwa KAHARABU HALISI, akakipigilia juu ya mlango. Mama yake akamuuliza nini hiki. Akasema, "Mama, mgeni haijui sandarusi, anajua kaharabu, ni neno moja tu." Bi Sichana akamwambia, "Kama ni moja tu, liache," akapanda juu ya kigoda akakiangusha kibao kwa mchi wa kinu, mtaa mzima unatazama. Mudrik alikiokota, akaenda nacho Nungwi, akafungua duka lake karibu na mahoteli, akakitundika huko.

Miaka mitatu mama na mwana hawakusemezana. Sikukuu zilipofika Mudrik alimtuma Nadra na salamu zake za shikamoo, Bi Sichana akijibu marahaba kwa ukali kisha akiingia chumbani na kufunga mlango, na kila sikukuu sahani ya Mudrik ilipakuliwa na kufunikwa kawa, hakiliwi na mtu chakula kile mpaka kipoe. Kuna waliodhani kwamba hakujali. Aliumia sana, na sisi wa nyumbani tuliogopa kwamba atakufa na lile jambo moyoni.

Mwezi wa Agosti 2019 aliingia dukani mama mmoja wa Kitaliano, karibu alie, ana kipande chenye mdudu mwenye mbawa, alichouziwa Nungwi, kwenye duka lenye kibao cha herufi za dhahabu, kuwa ni kaharabu, amekipangusa kwa dawa ya kuondolea rangi ya kucha ili king'are, kikayeyuka juu, ubawa umekatika, na alama ya dole gumba lake imebaki pale kama muhuri. Hakujua anayezungumza naye ni nani, alitaka kujua tu kama kweli ameibiwa. Bi Shemsa, jirani wa duka la vikapu, alikuwepo, naye anasema dada alikigeuza kile kipande muda mrefu, na angeweza kusema sijui, nani angemlaumu, mama na mwanawe. Akasema, "Hii ni sandarusi, na aliyekuuzia ni mwanangu wa kumzaa." Kisha akanyoosha mkono juu ya rafu akamshusha nyuki.

Bi Shemsa akapiga ukelele, "Sichana! Huyo si wa Mudrik?" Akajibiwa, "Wa Mudrik ndiyo, na kosa la nani?" Yule Mtaliano akakiacha kile kipande chake, akaondoka na nyuki, na Bi Sichana akaingia nyuma ya pazia akalia kwa sauti, chai aliyopikiwa na Shemsa ikapoa hajaigusa.

Habari zilifika Nungwi kabla ya magharibi, mnazijua habari za Unguja. Asubuhi Mudrik akawa mlangoni, kafura, anasema, "Mama, umemgawa nyuki wangu!" Mama yake akamtilia mkononi kile kipande kilichoharibika, akamwambia, "Nimemgawa. Chako ni hiki, kwa kuwa ndicho ulichouza." Mudrik akakitazama, akaiona ile alama ya dole, akakaa juu ya kigoda kilekile kilichopandiwa kuangusha kibao, kisha akatoka bila kuaga. Wiki ya pili alirudi na bidhaa zake zote za Nungwi, na kile kibao alikigeuza nyuma mbele, akaandika upande wa pili kwa rangi ya kawaida, SANDARUSI, na ndicho kilichopo Hurumzi mpaka leo. Sahani ilipakuliwa, na mara hii ililiwa ikiwa moto.

Mwaka 2023 marehemu alianza kusumbuliwa na figo, akawa anasafishwa damu katika Hospitali ya Mnazi Mmoja, akipelekwa na kurejeshwa na Mudrik, na ufunguo wa duka akiwa ameufunga kwenye pindo la kanga, hamwachii mtu. Jumapili tarehe 11 Mei 2025 Mudrik alimletea kitandani bonge jipya kutoka Mrima, na yeye, macho yameshapungua nguvu, akalisugua kiganjani na kulinusa, akauliza, "Nini hii?" Akaambiwa ni sandarusi. "Ndani mna nini?" Akaambiwa nzi mdogo. "Ina miaka mingapi?" Mudrik akafikiri, akasema, "Sijui, mama." Bi Sichana akacheka mpaka muuguzi akaja kutazama kuna nini, kisha akafungua fundo la kanga kwa vidole vyake mwenyewe, akampa ufunguo. Alifariki Jumatano tarehe 14 Mei alfajiri, akiwa na miaka sitini na tisa, ameacha watoto wawili na wajukuu watano.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia, maana alikuwa mgonjwa mbishi, inawashukuru majirani wa Michenzani waliopika na kupangusa ngazi siku zote hizi tatu, inawashukuru wenye maduka wa Hurumzi waliofunga kwa heshima yake, na Bi Shemsa zaidi ya wote. Hakuwa mcheshi kila siku, sukari ya chai ya mgeni aliihesabu vijiko, na aliyekosana naye alijuta, lakini tulimpenda, na nyumba imekuwa baridi bila yeye.

Duka litafunguliwa Jumatatu, na kibao ni kilekile. Dada, tumekusoma kama ulivyo, hatukukupaka vanishi. Lala, na amani ya Mola wako iwe juu yako, Sichana binti Mjaka, mzaliwa wa mwaka 1956.