Sauti ya Nane Katika Ukungu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Naomba mnivumilie, maana ushuhuda huu nimeuandika mara nne na kuuchana mara tatu, nikiogopa kusema vibaya. Leo nautoa hivyo hivyo.

Mnanijua. Nilimaliza chuo mwaka jana, na tangu hapo kazi yangu kubwa ni kuwaza. Nikikaribishwa chai, nawaza kama nimekaribishwa kweli. Lakini korali yetu ya hapa Mulongwe ilipoalikwa kuimba kwa ndugu zetu wa milimani, mimi ndiye niliyepewa kuongoza njia. Nilikuwa nimeshapanda mara moja, tena nilikuwa na ramani katika telefone. Tulikuwa watu wanane.

Mchana ukungu ukashuka na mvua ya baridi. Ndugu zangu, nilinyoosha mkono nisione vidole! Telefone ikalowa, ikazimika. Njia ni nyembamba, na kushoto kuna korongo. Nikaanza kuhesabu watu: sita, saba, watano. Kila mara hesabu nyingine.

Ndipo Mama Riziki, mwalimu wetu wa nyimbo, akasema, "Acha kuhesabu, mwanangu. Tuimbe. Sauti zenu nazijua kuliko sura zenu."

Tukatembea tukiimba, mimi mbele. Huyu mama alinishangaza! Katikati ya ubeti alisema, "Furaha, unabaki nyuma," na kweli, Furaha alikuwa ameinama kufunga kiatu. Hakumwona. Alimsikia tu!

Nami nikarudia kuwaza. Je, lile jiwe kubwa nililoliona safari ya kwanza tumelipita? Wakianguka, nitawaambia nini mama zao? Niliwaza mpaka nikasahau kuimba, na miguu yangu ikaacha njia bila mimi kujua.

Ghafla Mama Riziki akaukata wimbo. "Simameni! Nasikia sauti saba. Ile ya mbuzi iko wapi?"

Wakacheka, kwa sababu mwenye sauti ya mbuzi ni mimi.

"Weye! Unatuongoza ao unapotea? Imba!"

Nikasimama. Kijiwe kikateleza chini ya kiatu changu, nikangoja kukisikia kikigonga chini. Nilingoja sana. Ndugu zangu, ilikuwa imebaki hatua moja!

Nikaimba, vibaya. Wakaniitikia. Nikarudi nyuma kidogo kidogo nikiifuata sauti yao, hadi Mama Riziki akanishika koti. Nilidhani atamweka mwingine mbele. Hapana! Akanisukuma mgongoni: "Tangulia tena. Lakini usinyamaze."

Jioni tulifika wote wanane, tukapewa maziwa ya moto.

Namshukuru Mungu aliyempa mama huyu masikio, na moyo wa kunirudishia njia. Nilifikiri kiongozi ni yule asiyepotea. Siku ile, aliyepotea ni kiongozi peke yake!

Basi wewe uliyenyamazishwa na hofu, mtumaini Bwana na umwitikie leo, hata kwa sauti ya mbuzi. Yeye ameshasikia kwamba sauti yako haimo, na wimbo ameusimamisha kwa ajili yako.