Dirisha la Bi Zuleikha

Alhamisi, tarehe 30 Novemba 1989, Bi Zuleikha Muhidin anastaafu baada ya kuitumikia kampuni yetu ya chumvi hapa Marereni kwa miaka ishirini na miwili. Alikuja kutoka Mambrui akiwa mpiga chapa, na karibu sote wa ofisini ametufundisha kazi, pamoja na adabu ya kubisha hodi.

Mwaka jana tuliletewa kompyuta. Kila asubuhi programu ya shehena ilifunguka kwenye kidirisha kidogo kilichoonyesha jina la mteja, lakini mji wake ukafichika pembeni. Bi Zuleikha alikuwa akikivuta mpaka kijae kioo kizima, kesho yake akikikuta kimesinyaa vilevile. Asubuhi moja malori yalimpigia honi, hakuwahi kukivuta, na chumvi ya Joram wa Kaloleni ikapelekwa kwa Joram wa Garsen! Meneja akasema kompyuta imemshinda. Kosa likirudiwa, atamalizia utumishi wake akilinda geti.

Maneno hayo yalimuuma, nasi yalituuma. Akaapa kwamba kwenye meza ile hatoki ila kwa kustaafu. Sisi tulilaumu vumbi la chumvi. Yeye alijaribu na kujaribu tena, mpaka siku moja mchana aliifunga programu mwenyewe, akaifungua, na dirisha likaja kubwa kama alivyoliacha. Basi jioni lilikuwa likisahaulishwa na nini?

Kumbe ni desturi yetu. King'ora kikilia, Mramba, mtunza jenereta, huizima papo hapo, nasi hukimbilia nyumbani programu zikiwa wazi. Programu ile ilishika ukubwa wake ikifungwa vizuri tu, na jioni hakuna aliyewahi kuifunga.

Bi Zuleikha akavaa buibui lake, akaenda bandani kwa jenereta.

“Mama, mimi nafuata king'ora,” Mramba alimwambia.

“Leo nifuate mimi, mwanangu. Usizime mpaka unione nimetoka.”

Mramba, ambaye hata meneja hamngojei, alingoja mpaka Bi Zuleikha akaifunga programu. Asubuhi dirisha lilifunguka kioo kizima, miji yote ikaonekana. Tangu hapo hakuna lori lililopotea, na habari za geti hatukuzisikia tena.

Bi Zuleikha, ahsante kwa kazi na kwa ukaidi wako. Mola akupe afya, na nyumba yako ijae raha. Alhamisi unaondoka kwenye meza yako. Ukiifunga programu jioni hiyo, usifanye haraka, sote tutangoja.