Mama Mashuka Anakabidhi Funguo za Chumba cha Kufulia

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, mkuu wetu wa kitengo cha ufuaji hapa hotelini anastaafu. Kwenye faili lake kuna majina matatu kamili. Sisi tunamwita Mama Mashuka, na wajukuu zake nao wameiga.

Aliajiriwa kwa miezi mitatu tu, kumshikia nafasi mpiga pasi aliyekwenda kujifungua. Yule hakurudi, naye hakuondoka. Mgeni mmoja aliposahau meno yake ya bandia ndani ya foronya, Mama Mashuka aliyaosha, akayaweka kwenye sahani, akayafunika kwa kitambaa na kumpelekea mezani kwa adabu zote, kana kwamba bwana yule ameyaagiza jikoni.

Lakini wasifu huu haukamiliki bila asubuhi ile, miaka sita iliyopita, watu wenye bunduki walipoingia kutokea ufukweni na kuwamiminia risasi wageni waliokuwa wakiota jua. Tulipoteza wageni tisa na mlinzi wetu wa geti la ufukweni. Hatujawasahau.

Milio ilipoanza, Mama Mashuka alikuwa akikunja mataulo. Mlango wa nyuma ulikuwa hatua kumi kutoka aliposimama. Hakuutumia. Alitoka upande wa bwawa la kuogelea, akawaita watu kwa mkono, akaingiza ndani ya chumba cha kufulia wageni ishirini na watatu pamoja na mwandishi wa maneno haya, mtu wa mapokezi, niliyekuwa nakimbia bila kujua niendako. Alituficha nyuma ya marobota ya mashuka, akatia komeo.

Miongoni mwetu alikuwamo mtoto mchanga asiyenyamaza. Mama yake alikuwa amemziba mdomo kwa kiganja, machozi yakimtiririka. Mama Mashuka aliuondoa mkono ule taratibu.

“Mwache alie, mwanangu. Kelele niachie mimi.”

Sidhani mgeni yule alijua hata neno moja la lugha yetu, lakini alielewa. Akawasha mashine zote sita za kufulia, tupu, zikanguruma kuliko kilio. Nyayo zilikuja, kitasa kikatikiswa mara mbili, nyayo zikaenda zake. Baada ya saa mbili, askari walitutoa wote wazima, na mtoto amelala fofofo.

Nje, mumewe, fundi baiskeli, alimkuta pekupeku. Viatu alikuwa amempa mgeni aliyetoka bwawani. Mzee alivua makubazi yake, akamvisha, wakaenda nyumbani polepole, safari hii yeye akiwa miguu mitupu.

Hoteli ilifungwa miezi tisa. Mama Mashuka alirudi siku ya kwanza, ingawa mwenyewe anakiri kwamba kwa muda mrefu mlango ukibamizwa alishtuka. Ndiye aliyeubana uongozi wa hoteli mpaka kila chumba cha wafanyakazi kikawekewa komeo la ndani na mlango wa pili. Ukikutana na milango hiyo, ujue ni kazi yake.

Ametuarifu kwamba kuanzia Julai hagusi shuka, hata la nyumbani. Mumewe ameshaanza mafunzo, na inasemekana kukunja bado kunamshinda.

Ahsante, Mama, kwa uhai wetu. Uende ukalale usingizi mnono, na ukiamka, geuka upande wa pili ulale tena.