Sarafu Shingoni mwa Muuguzi

Kwenye kigari cha abiria cha Salatiga, mji wa milimani kisiwani Java, Bu Sumarni, yaani Mama Sumarni, alimsikia msichana jirani yake akipiga chafya, akafunga dirisha upesi. "Upepo umekuingia, binti. Inama nikukwaruze." Sarafu na mafuta ya kuchua vilikuwa mkononi mwake tayari; kwetu wazee husema mafua ni upepo ulioingia mwilini, na hutolewa kwa kukwaruza ngozi kwa sarafu.

Msichana, Wening, alivaa sare ya uuguzi. "Si upepo, mama, ni virusi. Mwili una askari wake. Homa hii ni moto waliouwasha ili virusi visizaliane."

"Askari gani hao wanaochoma nyumba ya mwenyewe?"

Abiria tulicheka sote, hata dereva, ambaye hakuulizwa. Wening alikuwa keshainama. Sarafu ikapita, mistari myekundu ikajitokeza shingoni.

"Unaona upepo unavyotoka?"

"Hiyo damu tu, mama. Askari wangu hawahitaji…" Akapiga mbweu. Gari zima likashangilia.

"Huo hapo," akasema Bu Sumarni.

"Huo ni uji wa asubuhi," Wening akajibu, mbavu zikimuuma kwa kicheko. "Askari watamaliza wenyewe."

Gari likasimama penye hospitali. Akashuka, upepo baridi wa mlimani ukampiga, akafunga zipu ya koti mpaka kidevuni. Kisha akageuka kutazama kama tumemwona. Tulikuwa tumejazana dirishani.