Bi Madirisha na Safu Iliyogeuka

Ifikapo tarehe 30 Juni, idara yetu ya mipango miji itamuaga mtumishi aliyeitumikia kwa miaka thelathini na mbili. Ana jina lake kamili, lakini humu ofisini, kuanzia mlinzi wa getini hadi mkurugenzi, tunamwita Bi Madirisha, naye huitika. Wageni hudhani ni utani tu wa kazini. Wakae kitako, tuwaeleze.

Alianza kama mchoraji ramani, enzi za kalamu ya wino na karatasi nyembamba zinazopenyeza mwanga. Karatasi zile zilikuwa na uchokozi wake: ukiilaza moja kifudifudi bado unauona mchoro vizuri, ila kulia kumekuwa kushoto. Katika mwaka wake wa kwanza alipewa kunakili mtaa mpya wa nyumba za safu, na safu moja akainakili kifudifudi. Hakuna aliyeng'amua mpaka kuta zilipokwisha kusimama. Mkuu wa idara wa wakati ule alipokwenda kukagua, alikuta madirisha ya majiko yanatazamana, na kati yake kichochoro chembamba kiasi kwamba mtu angeweza kumpokeza jirani kikombe bila kutoka ndani.

Mkuu alikuja juu. Alisema huo si mtaa, ni bweni, na watu watagombana kutwa kucha. Akaamuru madirisha ya upande mmoja yazibwe. Kibali cha kuziba kilichelewa, kama ilivyo ada ya vibali, na watu wakahamia. Mwashi alipofika hatimaye na ndoo yake, akina mama wa safu zote mbili walimpa kiti, wakampa chai, kisha wakamwambia kwa heshima zote arudi alikotoka, maana dirisha la jirani ndilo wanaloombea chumvi. Alirudi ofisini saruji imegandia ndooni, akaripoti kwamba kazi imeshindikana lakini chai ilikuwa nzuri.

Mchoraji wetu kijana, aliyekuwa akisubiri barua ya kufukuzwa, alibaki mdomo wazi. Tangu siku ile hakuchora nyumba kabla ya kuuliza aliye jikoni ataona nini. Na kabla ya kuchora njia, alikwenda kwenye kiwanja kitupu na kapu zito la viazi, akatembea nalo mpaka mwili wenyewe umwonyeshe pa kukatiza. Madereva walimtania kwamba anakwenda sokoni saa za kazi. Leo hii pita katika mitaa aliyoichora uone watoto wanavyofika shule bila kuvuka barabara kubwa, na wazee wanavyokuta benchi pale pale magoti yanapoanza kulalamika. Mimi ni mpangaji mitaa kama yeye, na bado najiuliza aliwezaje.

Ninaishi na mama yangu katika safu ile iliyogeuka. Asubuhi moja nikiwa safarini, mama alianguka jikoni akashindwa kunyanyuka. Fundi cherehani wa nyumba inayotazamana na yetu alishangaa kuona dirisha la mama halijafunguliwa. Aliita, hakujibiwa, akavunja mlango. Mama yu hai, anakula, ananigombeza. Uhai wake ulipitia katika karatasi iliyolazwa vibaya na binti mmoja mwoga.

Lakini Bi Madirisha mwenyewe, miaka yote hii, ameishi katika nyumba ya idara yenye ukuta mrefu, na tangu mumewe afariki, peke yake. Akistaafu lazima aiache. Mwanawe amemtayarishia chumba kizuri nje ya mji, nyuma ya ukuta mwingine mrefu zaidi. Mwezi uliopita alituambia, huku akisuuza kikombe, kwamba hakuna anachokiogopa kama kuamka mahali ambapo hakuna atakayejua kama ameamka.

Nilimsimulia mama. Fundi cherehani amehamia kwa binti yake, na nyumba yake inatafuta mpangaji. Mama alinituma nimwambie "huyo binti wa ramani" aje upesi, amechoka kutazama dirisha lililofungwa na kukosa mlio wa bawaba zake asubuhi. Niliupeleka ujumbe kama ulivyo. Bi Madirisha aliuliza kama bawaba za dirisha lile bado zinalia. Wiki iliyopita alichukua funguo.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote: asante, dada yetu, kwa mitaa, kwa kapu la viazi, na kwa kosa lile kuliko yote. Tunakutakia mapumziko yenye afya na kelele za majirani. Bawaba usizitie mafuta. Asubuhi yako ya kwanza pale, mama atakuwa jikoni, ametega sikio.