Macho Mekundu ya Mwalimu Mektilda

Marehemu Mwalimu Mektilda Tarsisi alizaliwa Ushirombo tarehe 14 Machi 1941, kifungua mimba wa Mzee Tarsisi. Alisoma kwa masista, akaendelea Tabora, na mwaka 1964 akapelekwa ng'ambo kusomea fizikia.

Huko alijifunza kupima heli, gesi iliyomo ndani ya nyota, katika makundi ya nyota kongwe zilizosongamana kama nyuki. Kwa kuwa hakuna awezaye kufika huko, kazi ni kuhesabu. Katika picha za vioo alihesabu nyota zilizovimba na kuwa nyekundu, kisha zile zilizokwisha kuvuka hali hiyo. Hizi za pili zikizidi, heli ni nyingi. Alirudi 1969 kufundisha Shinyanga, na vioo vyake akaja navyo.

Mwaka 1970 alifunga ndoa na Bwana Bujiku Maige. Waliishi Ngokolo, kisha 1981 wakahamia hapa Kishapu. Mama mkwe wake, Bibi Melania, alimkuta dirishani akihesabu nyota za vioo kwa lenzi, akashika kichwa.

"Mayu, mama yangu, huku hata ng'ombe hatuwahesabu kwa sauti. Wewe unahesabu vya Mungu?"

Tangu siku hiyo marehemu alihesabu kimoyomoyo, na bibi akawa anamletea maziwa.

Lakini lenzi ilimchosha macho, yakawa mekundu. Wote tunajua macho mekundu humletea mtu nini huku kwetu: huitwa mchawi. Mwaka 1983 jirani yetu Bibi Justa, aliyeharibiwa macho na moshi wa jikoni, alikatwa mapanga. Wiki ileile sungusungu, walinzi wa kijiji, walipiga hodi kwa marehemu. Kamanda Maduhu aliinua kioo kimoja.

"Mama Euphrasia, hizi nukta nyeusi ni akina nani?"

"Ni nyota, baba. Kwenye kioo hutokea nyeusi."

Kamanda alikitazama sana, akaondoka bila kuaga. Marehemu aliingiwa na hofu ambayo haikumtoka tena. Hakwenda kisimani peke yake, wala hakuketi akiupa mlango mgongo. Kuhesabu hakuacha.

Uvimbe wa tumbo ulimwanza Januari 1989. Alifariki nyumbani tarehe 9 Agosti, Bwana Bujiku akiwa amemshika mkono. Familia inasema wazi kwamba ni ugonjwa uliomchukua, na hakuna mtu wa kutafutwa.

Ameacha mume, mama mkwe, na binti mmoja, Euphrasia, aliyeahidi kumaliza kuvihesabu vioo vya mama yake. Macho ya binti huyu nayo yameanza kuwa mekundu. Ndugu na majirani, nawe Kamanda Maduhu, mtazameni leo mchana huu, mkiijua sababu.

Mwalimu Mektilda apumzike kwa amani, na mwanawe alale usiku kwa amani.