Neoni Mbili za Salama

Pale mtaani Magarama, mbele ya saluni ya Salama, kuna benchi ambalo kazi yake ni kubeba wajuaji. Siku hiyo Salama aliwamiminia kahawa roho ikiwa juu. Saluni yake haina dirisha, kesho asubuhi bibi harusi wa kutoka Buraza anakuja kusukwa, na taa alizo nazo ni neoni mbili tu alizoletewa na dada yake kutoka Amerika. Zinataka umeme wa volti mia na kumi. Wa hapa ni mia mbili na ishirini. Transfo ya kuushusha ameitafuta mji mzima, hola. Basi akawauliza wa benchini, na hapo ndipo alipojiponza.

— Rahisi sana, dada, alisema Venansi, aliyekulia Tanzania akarudi na jina la Fundi Volti. Tunaziunganisha moja nyuma ya nyingine, zinagawana nusu kwa nusu. Kama watu wawili wenye mirija kwenye mtungi mmoja wa pombe.

— We! alidakia Hussein, fundi cherehani wanayemwita Jaji. Mi sinywi, lakini naonaka. Mwenye anaanza kuvuta ndiye anamaliza mtungi. Neoni yenye itawaka ya kwanza itakunywa yote, ipasuke!

— Basi zinywe kwa zamu.

— Zamu? Umeme iko na adabu?

Fabiano, dereva wa lori la kwenda Muyinga, akakohoa.

— Umeme inachokaka njiani. Kule Butihinda, mwisho wa waya, jioni taa inakuwa nyekundu kama kaa la moto. Donc, kwa hiyo, ile mia mbili inafika kule nusu. Tupeleke neoni Butihinda.

— Na bibi harusi? aliuliza Salama.

— Naye apande lori!

Salama alitaka kucheka, akataka kulia. Mwishowe akaona bora njia ya Venansi, akaingia ndani kuchukua waya. Alipotoka alimkuta mama Gaudensia, shangazi wa bibi harusi, amesimama na mwavuli wake, amesikia yote.

— Na hiyo taa ikipasuka, mama aliuliza, kichwa cha mtoto wangu kitakuwa wapi?

Venansi akamtazama Hussein. Hussein akamtazama Fabiano. Fabiano akapiga funda, kumbe kikombe kitupu.

Salama aliona haya mpaka masikio yakawaka. Siku nzima amewaza taa. Kichwa cha mtu hakukiwaza hata kidogo. Akauweka waya chini.

— Mama, mlete tu kesho. Tutamsukia hapa nje, juani. Na nyie watatu, simameni, nalitaka hilo benchi.